Kundi la WhatsApp la darasa: hesabu simu kwanza

Mwalimu anayefungua kundi la WhatsApp la kidato cha tatu aghalabu huanzia mwisho. Anapitisha karatasi ya namba, anaingiza watu usiku uleule, anaandika "Karibuni wanangu", ndipo anakaa kujiuliza kundi litafanya kazi gani. Ikifika wiki ya tatu humo ndani kuna stika za Ijumaa Karimu, tangazo la mkopo wa papo kwa papo, ukurasa wa kitabu uliopigwa picha ukiwa umelala ubavu, na wanafunzi wanane wanaojibu kila kitu. Wengine kimya. Baadhi yao hata hawamo, maana namba waliyoandika ni ya kaka aliyekuja likizo na sasa kesharudi Mwanza.

Kosa lilifanyika kabla namba ya kwanza haijaingizwa, na ndilo nitakalolikalia zaidi. Mambo ya kubonyeza wapi mtu anajifunza kwa siku moja.

Nazungumzia shule ya sekondari ya kutwa Tanzania, na somo la Kiswahili, kwa kuwa hapo naweza kutaja vitu kwa majina yake. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. Kwa hiyo kundi halina nafasi ndani ya kipindi cha dakika 40. Maisha yake ni jioni, Jumamosi na likizo, mkononi mwa mtoto aliyeazimwa simu na mama. Kila uamuzi mwingine unatoka hapo. Mwalimu wa Kenya atabadilisha majina ya madarasa na mitihani tu. Simu ya mama ni ileile.

Makundi mengi ya madarasa yalizaliwa shule zilipofungwa Machi 2020, na yakazaliwa na ulemavu mmoja: yalitaka kuwa darasa zima. Notisi zote, mazoezi yote, maswali yote ndani ya simu. Shule zikafunguliwa Juni 29 mwaka huohuo, lakini tabia ikabaki. Mpaka leo utakuta mwalimu anarusha kurasa 14 za notisi ambazo wanafunzi wamekwisha kuzinakili ubaoni. Kundi lipewe kazi ambayo kipindi hakiwezi kuifanya. Kwa Kiswahili ninaziona mbili zenye faida ya kweli: kugundua kosa la sarufi kabla ya kesho asubuhi, na kusikia sauti. Zilizobaki ni matangazo.

Sensa ya simu

Usiseme "wenye simu nyumbani nyoosheni mikono". Mtoto asiye na simu atanyoosha, na utapanga kazi yako juu ya mkono wa uongo. Gawa vipande vya karatasi, kila mtu ajaze peke yake, ukusanye mwenyewe bila kumtuma monita. Maswali sita yanatosha: Nyumbani kuna simu janja, kitochi, au hakuna? Ni ya nani? Unaipata saa ngapi? Nani anaweka bando, na huwa la siku au la wiki? Unaishi mtaa gani? Mwanafunzi gani wa darasa hili anaishi karibu nawe?

Swali la tatu ndilo linalowaumbua walimu. Simu ya baba anayeendesha bodaboda haipo nyumbani mpaka saa 4 usiku. Simu ya mama ntilie ipo, lakini saa 11 hadi saa 1 jioni anaitumia kupokea malipo. Ukituma swali saa 10 ukitaka majibu kabla ya magharibi, umemuuliza mtoto wa mwajiriwa peke yake.

Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na sensa ikaonyesha simu janja 22, vitochi 25, na 13 hawana kitu. Hesabu hizi ni za mfano, zako zitatofautiana. Wengi wataingiza wale 22 na kusema wengine "wataazima". Mimi ningeunda vikundi 12 vya wanafunzi watano watano, kwa kufuata mtaa na wala si urafiki, kila kikundi kikiwa na angalau simu janja moja. Mwenye simu ndiye tarishi. Kazi ya tarishi ni kupeleka na kurudisha, hajibu kwa niaba ya wenzake. Anayetoa jibu hubadilika kila zamu, na zamu yake hutajwa mwanzoni mwa ujumbe: "Kikundi cha Msikitini, leo anajibu wa tatu."

Mpango huu una faida ambayo haionekani mara moja. Kundi sasa lina namba 12, pengine 15 ukiongeza mbadala, badala ya 60. Kusahihisha kunawezekana. Na mtoto asiye na simu yumo sawa na wengine, kwa sababu mwanachama wa kundi ni kikundi, simu ni barabara tu.

Kwa kikundi ambacho simu yake janja imeharibika au bando limekatika, swali lipelekwe kwa SMS kwenye kitochi cha jirani. SMS moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Swali lisiloweza kukaa ndani ya herufi 160 mara nyingi ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja.

Barua kwa mzazi, na sheria

Namba ni ya mzazi, kwa hiyo ruhusa ni ya mzazi, kwa maandishi. Barua ya nusu ukurasa: kundi ni la somo gani, litafunguliwa siku zipi na saa ngapi, nani msimamizi, na jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba kila aliyemo kwenye kundi ataiona namba hiyo. Kama mzazi hataki namba yake ionwe, kuna njia: orodha ya kuwatumia watu wengi ujumbe kwa mpigo (broadcast). Inabeba hadi watu 256, na kila mmoja anaupokea ujumbe kama wa kwake peke yake. Ila ina mtego. Asiyehifadhi namba ya mwalimu kwenye simu yake hapokei chochote, na simu ya mwalimu haitamwambia hivyo. Barua iwe na mstari wa "Tafadhali hifadhi namba hii kwa jina Mwl. Kiswahili Kidato 3".

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019, na imeshauma: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo picha ya darasa likiwa linacheka haiendi Facebook, haiendi kwenye status, haiendi popote, mpaka mzazi asaini. Mkuu wa shule apewe nakala ya barua na mwalimu wa taaluma awe msimamizi wa pili. Si kwa heshima tu. Ukiugua, kundi lisibaki bila mlinzi.

Kuliunda

Usitumie namba yako ya nyumbani. Nunua laini nyingine, uisajili, uiweke kwenye WhatsApp Business, ambayo inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida bila kugombana. Ina vitu vitatu vinavyomfaa mwalimu kuliko muuza vitenge: lebo za rangi, ambazo unaweza kuziita "amewasilisha", "arudie" na "bado", majibu ya haraka, ambapo unaandika "/picha" na maelekezo yote ya kupiga picha ya daftari yanajitokeza, na ujumbe wa kutokuwepo unaomjibu wenyewe anayekuandikia nje ya kundi kuanzia saa 2 usiku kwamba mwalimu atajibu kesho.

Kwenye mipangilio ya kundi, wanaoruhusiwa kutuma wawe wasimamizi tu, na wewe ulifungue kwa muda wa saa mbili unaoutaka. Washa idhini ya msimamizi kwa anayetaka kujiunga. Kama ulitumia kiungo cha mwaliko, kibadilishe mara watu wanapotimia, maana kiungo kikishasambazwa kwenye kundi la ukoo unaweza kuamka una wajomba 30. Ujumbe unaojifuta uzimwe kabisa. Mazungumzo ya mtu mzima na watoto yanatakiwa yabaki na kumbukumbu. Siku ukitiliwa shaka, kumbukumbu hiyo ndiyo wakili wako.

Bandika ujumbe mmoja juu: ratiba na kanuni tatu. Kubandika kuna muda wa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua 30 na uandike kwenye shajara tarehe ya kubandika upya, kwa sababu siku ya 31 kanuni zitapotea na hakuna atakayekwambia.

Ujumbe wa mwalimu kwa mwanafunzi mmoja mmoja baada ya saa 2 usiku: hakuna. Hata kama ni "umefanya vizuri". Simu ni ya mama, na mama ataona.

Kura ya swali moja

Jumanne na Alhamisi, kundi linafunguliwa saa 1 hadi saa 3 usiku kama sensa imeonyesha ndio muda wa simu kuwa nyumbani. Jumanne, kura moja:

Vipofu ___ barabara. (a) vilivuka (b) walivuka (c) zilivuka

WhatsApp inaruhusu hadi machaguo 12, lakini matatu yanatosha mradi kila jibu la uongo liwe na sababu yake. Aliyechagua "vilivuka" ameitazama vi- ya mwanzo akaipeleka kwenye ngeli ya KI-VI. Anajua umbo la neno, hajui kwamba kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, awe kipofu, kijana au kiwavi. Aliyechagua "zilivuka" ana tatizo kubwa zaidi, pengine anakisia. Chaguo la nne kama "ilivuka" lisingemnasa mtu; litoe.

Alhamisi unaleta kosa lilelile katika nguo nyingine:

Nyuki ___ mzingani. (a) zimeingia (b) wameingia (c) imeingia

Hapa hakuna ki- wala vi- ya kumdanganya mtu. Nyuki hubaki nyuki, mmoja au elfu, kama nyumba na ngoma, kwa hiyo kishawishi kinakuwa I-ZI. Kikundi kilichosema "vilivuka" Jumanne kikasema "wameingia" Alhamisi kimeelewa kanuni. Kilichopata la kwanza kikakosa la pili kilikariri kwamba vipofu ni watu. Hilo ni jambo ambalo zoezi la maswali 20 kwenye daftari lingekwambia baada ya siku nne za kusahihisha, na kura mbili zimekwambia kwa dakika tano.

Kuna maswali ambayo hayafai kura. "Ng'ombe ___ wamepotea": wangu au zangu? Kitabu cha sarufi kitakupa "wangu". Mtu wa pwani atasema "ng'ombe zangu" na hatakuomba radhi, na sote tunasema "rafiki zangu" bila kukohoa. Ukiliweka kwenye kura utamkosesha mtoto aliyelelewa na Kiswahili kuliko wewe. Lilete darasani, libishaniwe.

Sasa kasoro ya kura za WhatsApp: kila mtu anaona nani kapiga ipi, na anaweza kubadilisha. Kikundi chenye mwanafunzi hodari kikipiga kwanza, vingine 11 vinafuata kama kondoo, na mwalimu anasherehekea asilimia 100 za bandia. Dawa ninayoipenda ni kugeuza swali. Usiulize jibu lipi ni sahihi. Uliza: "Kikundi chenu kilibishana kati ya majibu gani mawili? Yachagueni yote mawili." Ruhusa ya kuchagua zaidi ya moja, ambayo huwa imewashwa yenyewe na ambayo kwa kura ya kawaida ungeizima, sasa ina kazi. Hakuna aibu ya kukosa, na unachokiona ni mpaka wa ujinga wa darasa ulipo hasa. Jibu sahihi litolewe asubuhi, dakika tano za mwanzo wa kipindi, kwa mdomo, na wasiokuwa na simu wakiwepo.

Wenye haraka watasema Telegram ina kura za chemsha bongo zenye jibu sahihi, maelezo chini yake, kura ya siri, na mtu habadilishi akishapiga. Kweli. Nitarudi huko.

Kitendawili! Tega!

Fasihi simulizi ikifundishwa ubaoni huwa kama samaki mkavu: ni chakula, ila bahari imetoka. Mwanafunzi anaandika "kitendawili huwa na muundo wa swali na jibu" bila kusikia mtu akitega. Sauti za WhatsApp zinairudisha bahari kidogo, tena kwa gharama ndogo, kwani dakika mbili za sauti hazifiki MB moja.

Kazi iwe hivi. Kila kikundi kiende kwa mzee wa mtaani, bibi, babu au jirani, kipate vitendawili viwili na bembelezi moja. Alhamisi ya wiki inayofuata, kikundi kimoja kinatega kwenye kundi kwa sauti. Sauti ya kwanza, baada ya kutaja kikundi na mtaa, ina neno moja: "Kitendawili!" Vikundi vingine vinajibu kwa sauti: "Tega!" Ndipo kinategwa. Majibu yanakuja, kila moja na sababu yake. Wakishindwa, mtegaji anadai mji. Wanampa Bagamoyo, anaukataa. Wanampa Tabora, anakubali, anasema amekwenda Tabora akaona nini, kisha anategua. Huu mchezo ulihitaji mtegaji, hadhira na zamu ya kusema, na kundi la WhatsApp kwa bahati limejengwa kwa umbo hilohilo. Ukiuandika kwenye ubao unakufa.

Angalia kinachoweza kutokea. Kikundi kinatega: "Popo mbili zavuka mto." Jibu, macho. Kikundi kingine kimesikia kwa bibi mwingine "popoo mbili". Usikimbilie kuamua. Waambie wasikilize tena sauti mbili, kisha watazame kitenzi. Popo ni mnyama. Angekuwa yeye, kitenzi kingekuwa "wavuka", kama nyuki wa Alhamisi iliyopita. "Zavuka" inataka kitu kisicho na uhai, na popoo ni ile kokwa ngumu ya mviringo inayotafunwa na tambuu. Mbili, za mviringo, zinavuka. Ngeli imekuwa ushahidi, na wanafunzi wamefanya kazi ya mhariri wa fasihi simulizi bila kuambiwa jina lake. Kwa maandishi tofauti ya "popo" na "popoo" ingepita kama kosa la tahajia.

Maelekezo ya kurekodi yatolewe darasani, yaandikwe daftarini. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, si mdomoni kabisa. Pumzi inayopiga kwenye maikrofoni hufunika konsonanti. Redio izimwe, feni izimwe, na mvua ikianza kupiga bati acheni mpaka kesho. Ukishika alama ya maikrofoni, sogeza kidole juu ijifunge. Usipofanya hivyo, kidole kikichoka sauti inaondoka nusu. Muda usizidi sekunde 90. Sentensi ya kwanza itaje kikundi na mtaa, maana sauti haina jina la faili na baada ya siku mbili zote zinafanana. Mzee aulizwe kwanza, na aambiwe ukweli kwamba sauti yake itasikiwa na watu wengi. Akikataa, wanafunzi wamsikilize, wakariri, wakatege wenyewe. Jina lake lisitajwe. "Bibi mmoja wa Mtoni" linatosha.

Hesabu ya mwalimu: vikundi 12 kwa sekunde 90 ni dakika 18 za kusikiliza. Wanafunzi 60, kila mmoja na yake, ni saa moja na nusu, na hapo hujaandika neno. Ndiyo maana walimu wanaodai sauti ya kila mtoto huacha kusikiliza wiki ya pili, na watoto wanajua siku ileile. WhatsApp inaweza kuicheza sauti kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Tumia hiyo kwa maelezo ya wanafunzi. Bembelezi la bibi lisikilize kwa mwendo wake.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka: kikundi A kiandike kwa maneno sauti ya kikundi B, mistari kumi. Watakapotofautiana kwenye neno, hapo ndipo pana somo la wiki ijayo.

Daftari kwa picha

Insha na barua zinaweza kuja kwa picha, lakini zisiingie kwenye kundi. Picha moja iliyobanwa na WhatsApp tuseme ni KB 200. Zikiingia picha 60, kila simu imeshusha MB 12 bila kuombwa. Ni bando la mama, tena kwa kazi za watoto wasio wake. Zaidi ya hapo, ya kwanza kufika ndiyo itakayonakiliwa. Picha ziende kwenye laini ya mwalimu moja kwa moja.

Zinazoharibika huharibika kwa sababu zilezile: kivuli cha mkono chini ya balbu, ukurasa wa pili kufika kabla ya wa kwanza, penseli isiyosomeka. Piga mchana karibu na dirisha, mgongo ukiwa upande wa ukuta ili usijizibie mwanga. Andika namba ya ukurasa na jina la kikundi kwenye kona ya juu kabla ya kupiga. Kalamu, si penseli. Insha ndefu itumwe kama faili badala ya picha, maandishi hayabanwi.

Kusahihisha, fungua picha, tumia kalamu ya kuchorea iliyomo humohumo, pigia mstari makosa matatu tu, irudishe na sauti ya sekunde 30. Makosa 15 yaliyozungushiwa nyekundu kwenye kioo cha inchi tano hayasomwi na mtu.

Yanayoharibu kundi

Simu ya mzazi kujaa ndilo la kwanza. Kwenye mkutano wa wazazi chukua dakika tano uwaonyeshe mahali pa kuzima picha na video kujishusha zenyewe. Wengi watakushukuru kwa sababu ya makundi ya harusi kuliko ya shule.

La pili ni kuibiwa akaunti. Ujumbe unakuja kutoka namba ya tarishi: "Samahani mwalimu, nimekutumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, nirudishie." Hizo tarakimu sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizirudisha, dakika mbili baadaye mtu mwingine anaomba hela kwa jina lako kwenye kundi la wazazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye laini ya shule, na uwaambie wanafunzi kwamba mwalimu hataomba namba ya siri wala hela ndani ya kundi, kwa sababu yoyote.

Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mteja mwingine. Kila mwanzo wa muhula piga namba zote 12. Isiyopokelewa na mzazi iondolewe siku hiyohiyo.

Kisha msimu wa mitihani. Oktoba na Novemba zinakuja picha za "karatasi iliyovuja". Nyingi ni karatasi za miaka ya nyuma zilizobadilishwa tarehe, zinauzwa kwa watoto. Msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Afute, afunge kundi, amwarifu mkuu wa shule, asijadiliane humo ndani. Hili ndilo linalonirudisha kwenye Telegram. Ina makundi ya hadi watu 200,000, anayeingia leo anaweza kuruhusiwa kusoma ya tangu mwanzo, namba inaweza kufichwa, na zile kura zake ni nzuri kuliko za WhatsApp. Lakini Novemba 2023 na tena Novemba 2024 ilizuiwa Kenya wakati wa KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, sababu ikiwa ni hiyohiyo ya kuvuja kwa mitihani. Ukijenga marudio yako yote huko, unaweza kufungiwa mlango wiki ambayo watahiniwa wanakuhitaji. X nayo ilifungiwa Tanzania Mei 2025. Mtandao wa kufundishia uwe ule ambao mzazi keshautumia kwa shughuli zake na una uwezekano mdogo wa kuzimika.

Facebook ninaiacha kwa wahitimu na wazazi. Wanafunzi hawapo, na waliopo hawataki mwalimu awaone. TikTok inafundisha kitu kimoja vizuri, kukata maneno mpaka yabaki ya lazima, na zoezi la "eleza sitiari kwa sekunde 45" unaweza kulifanya bila kuchapisha chochote: rekodi, onyesha darasani, futa. Video za YouTube ishushe moja shuleni, iweke kwenye flashi, iangaliwe kwenye runinga ya shule. Ukiwa na yako, ipakie ikiwa haijaorodheshwa, ili aione mwenye kiungo tu. Kuwatumia wazazi 12 kiungo cha video ya dakika 20 ni kuwatuma dukani.

Kulifunga

Kundi lina siku ya kufa, iandikwe kwenye ule ujumbe uliobandikwa: siku ya kufunga muhula wa pili. Siku tatu kabla, hamisha mazungumzo yote. WhatsApp itakupa faili la maandishi, na ukichagua kubeba sauti na picha itakupa furushi moja la kuhifadhi kwenye kompyuta ya ofisi. Bembelezi na vitendawili vitenge kando, vipe majina ya mitaa, maana vitafaa kidato cha kwanza wakifika Januari. Toa wanachama mmoja mmoja, mwisho ujitoe mwenyewe, kisha futa kundi. Ukijitoa kwanza, msimamizi mwenzako au tarishi mmoja atabaki na mamlaka usiyoyajua.

Vile vipande vya karatasi vya sensa vichomwe. Vya mwakani vitakuwa na akina kaka wengine.